Dakika Nne Ambazo Hatukuziandika

Kozi ile ilikuwa na jina refu lisiloenea kwenye ratiba ya ubaoni: Insia za Kidijitali na Ushirikishwaji wa Jamii. Wanafunzi walilifupisha siku ya kwanza wakaiita kozi ya rekoda, na haukupita muda nikajikuta naiita hivyo hata kwenye vikao vya idara. Nilikuwa mhadhiri wa historia katika chuo kimoja cha Mbeya. Nimezaliwa Tukuyu mjini, baba na mama wote walimu wa shule ya msingi, na nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili ili tufaulu. Kinyakyusa nilikisikia kwa bibi yangu wakati wa likizo. Alinisemesha kwa lugha yake, nikaelewa nusu, nikamjibu kwa Kiswahili.

Bibi yangu alipofariki, akina mama walilia kwa maneno marefu yenye mpangilio, kila mmoja akieleza jambo lake na marehemu, na mimi nilikaa katikati yao nikishika neno moja moja. Ndipo nilipopata wazo. Nikaandika andiko la kuomba fedha. Niliandika kwamba wanafunzi wa mwaka wa tatu waende vijijini Rungwe na rekoda ndogo, wakae na wazee, wawasikilize namna walivyochuma chai, walivyolima migomba, walivyoolewa, walivyozika. Wakirudi chuoni waandike yaliyosemwa, wayafasiri kwa Kiswahili, kisha sauti zenyewe tuziweke kwenye ukurasa wa mtandaoni ambao watu wa kijiji chenyewe wataufungua kwenye simu na kusikiliza. Nakumbuka sentensi moja ya andiko hilo kwa sababu niliiona nzuri sana: jamii isiwe kisima cha kuchotwa tu, tulichochukua tutakirudisha.

Wafadhili wa ng'ambo waliipenda sentensi hiyo. Barua ya kukubaliwa ilipokuja mkuu wa idara aliisoma kwa sauti kwenye kikao, watu wakapiga makofi, na jioni ile nilimpigia mama simu nikalia kwa furaha.

Masharti yalikuwa mengi, ila mawili ndiyo nitakayoyaeleza. La kwanza lilitoka kwa wafadhili. Sauti zote zikae mahali pamoja tu, kwenye hifadhi ya mtandaoni waliyokuwa wanailipia wao, na zikishaingia humo, rekoda na kompyuta zetu zifutwe kabisa. Ilikuwa ni kulinda siri za wazee, nami niliona ni sharti la heshima. La pili nililitunga mwenyewe. Mzee mmoja wa kijiji cha Nkunga alikuwa ameanza kutueleza habari za kilimo akaishia kwenye ugomvi wake na jirani kuhusu mke, mambo ya chumbani kabisa, na mwanafunzi akayaandika yote neno kwa neno. Basi nikaongeza kwenye mwongozo wa kuandika: maelezo binafsi yasiyohusiana na mada yasiandikwe, yawekewe alama tu. Saa za kuandika zilikuwa zinalipiwa na bajeti ilikuwa nyembamba, kwa hiyo kila mtu aliona sharti hilo lina akili.

Katika wanafunzi wale alikuwemo binti mmoja wa Tukuyu, baba yake ana duka la magodoro na vitenge karibu na stendi. Ni familia ya Kiislamu, watu wa biashara, na babu yao alihamia Rungwe kutoka mbali. Lakini binti yule alizungumza Kinyakyusa kuliko mimi niliyekuwa na ukoo mzima kijijini Masukulu. Nilipomuuliza amekipatia wapi alicheka.

"Kaunta, madamu. Dukani kwetu mteja akija na Kinyakyusa ukamjibu Kiswahili, anavuka barabara kwenda duka la pili."

Huyo ndiye niliyempanga kwa bibi wa Masukulu.

Bibi huyo alikuwa mjane. Alikuwa amechuma chai kwenye shamba kubwa tangu usichana wake hadi mgongo ukakataa, kisha akaishi kwa migomba na ng'ombe mmoja wa maziwa. Aliishi na binti yake wa mwisho, mama wa makamo, kwenye nyumba ya bati iliyozungukwa na migomba mpaka ukifika huioni hadi uwe mlangoni. Siku ya kwanza tulipokwenda, binti wa dukani alichuchumaa, akashusha macho, akamwamkia "Mugonile" kwa taratibu zote. Bibi akamtazama ushungi wake, akanitazama mimi niliyesimama kama mgeni, akamwambia binti yake kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Huyu ndiye mtoto wetu. Yule mwingine ni nani?"

Tulimpa fomu ya ridhaa. Aliigeuza juu chini.

"Hii kalatasi inasemaje?"

"Inasema unakubali tuchukue sauti yako, bibi," alijibu mwanafunzi, "na kwamba tutakurudishia."

"Mtanirudishia sauti? Sasa mimi nikae bubu mpaka mrudi?"

Tulicheka wote. Mwanafunzi akamweleza kwamba sauti itabaki kooni mwake, itakayokwenda ni kama kivuli chake, na kwamba mtu yeyote mwenye simu ataweza kuisikiliza, popote alipo. Hapo bibi aliacha kucheka.

"Hata mtu wa Geita?"

"Hata wa Ulaya, bibi."

"Wa Ulaya sina shida naye. Nimeuliza wa Geita."

"Hata wa Geita."

Akaweka dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu kana kwamba anafunga mlango.

Binti yake ndiye aliyetueleza baadaye, tukisindikizwa barabarani. Kaka yake, mtoto wa tatu, aliuza ndama wa baba bila ruhusa akiwa kijana wa miaka kumi na saba. Baba alimpiga mbele ya watu na kumfukuza. Alikwenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, na kutoka huko watu walisikia kwamba ameelekea Geita. Miaka mingi sana ilikuwa imepita. Baba alikuwa amekufa bila kumwona, na mama kila akimwona dereva wa lori au mtu yeyote aliyewahi kufika Kanda ya Ziwa humuuliza kama hajakutana na mtu mrefu, mwenye kovu kwenye nyusi.

Tulimrekodi mara tatu. Mara ya tatu ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Mgeni kutoka kwa wafadhili alikuwa amekuja kuona kazi inavyokwenda, mwanamke mpole aliyeshindwa na utelezi wa Rungwe tangu tunashuka kwenye gari. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka. Bibi alikuwa ndani na mwanafunzi na rekoda, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yao. Mgeni akaniita barazani. Alitaka nimweleze, kwa taarifa yake, ushirikishwaji wa jamii katika kozi yetu unafanyikaje hasa. Nikatoka. Nikasimama naye chini ya bati, nikamweleza kwa Kiingereza kizuri namna tunavyowasikiliza wazee.

Nyuma yangu, kupitia dirishani, sauti ya bibi ilibadilika. Ilikuwa juu wakati wa habari za chai, ikashuka. Ikawa ya karibu, kama ya mtu anayesema na aliyelala. Akanyamaza kwa muda, mvua ikasikika peke yake, kisha akaendelea taratibu. Niliisikia sauti, maneno sikuyasikia, na hata kama ningeyasikia sijui ningeyaelewa kwa kiasi gani. Niliendelea kumjibu mgeni.

Mwanafunzi alitoka na rekoda mkononi, macho mekundu.

"Amemaliza?" nilimuuliza.

"Amemaliza, madamu. Mwishoni alikuwa anaongea na mwanawe."

"Amekuja?"

"Hapana. Alikuwa anaongea naye tu. Kama dakika nne hivi."

"Sawa. Weka alama hapo, binafsi," nikamwambia, na nikamgeukia mgeni.

Wiki iliyofuata aliniletea kurasa sita za tafsiri. Zilikuwa safi, zina habari za kuamka alfajiri, za kupimiwa majani, za msimamizi aliyekuwa anakanyaga mizani upande wa mawe kwa ujanja ili kikapu kionekane chepesi. Chini kabisa ya ukurasa wa sita aliandika mstari mmoja. Nikapitisha peni nyekundu, nikaweka tiki, sauti ikaingia kwenye hifadhi, rekoda ikafutwa. Mimi mwenyewe nilisimama pale kuhakikisha imefutwa.

Ukurasa wa mtandaoni ulikuwa ufunguliwe mwaka wa tatu wa mradi, baada ya wazee kuitwa na kusikiliza kwanza. Hatukufika mwaka wa tatu. Barua pepe ilikuja asubuhi moja nikiwa darasani, ndefu na ya adabu. Wafadhili walitushukuru kwa kazi iliyowagusa, na walisikitika kutujulisha kwamba vipaumbele vyao vimebadilika. Nilimalizia kipindi kile, sijui nilifundisha nini.

Nilizunguka ofisi nyingi. Kwa mhasibu mkuu wa chuo niliambiwa jambo zuri lakini halina kifungu kwenye bajeti. Kwa mkuu wa idara niliambiwa tuwe na subira. Wanafunzi wangu walimaliza na kuondoka, na waliofuata wakapangiwa kozi ya stadi za mawasiliano, watu mia tatu kwenye ukumbi mmoja.

Kisha wenye hifadhi wakaanza kutuma maonyo. Muda uliolipiwa unakwisha, pakueni mali yenu. Onyo la kwanza nilimpelekea fundi wa kompyuta wa chuo, akasema mafaili ni makubwa, tuyashushe mwishoni mwa wiki watu wakiwa hawapo. Jumamosi moja nilikwenda ofisini kuanza kazi hiyo mwenyewe. Baada ya saa moja umeme ulikatika. Uliporudi ilikuwa jioni, na Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka andiko jingine kwa wafadhili wengine, andiko la kuomba fedha za kuziokoa sauti hizohizo. Nikakaa kuandika andiko. Nilijiambia mafaili nitayashusha wiki inayofuata. Wiki inayofuata nilikuwa nasahihisha mitihani. Sina maelezo zaidi ya hayo, na nimejaribu kuyatafuta.

Siku nilipofungua tena, ukurasa ulisema akaunti haipo. Nikaandika kuomba, nikasihi, nikapiga simu ng'ambo kwa gharama yangu. Walinijibu kwa mistari miwili kwamba data imeondolewa kwa mujibu wa makubaliano.

Binti wa bibi alikuwa na namba yangu. Kila baada ya muda alinitumia ujumbe. "Mama anauliza sauti imeshafika Geita?" Mwanzoni nilijibu kwamba bado kidogo, ukurasa unatengenezwa, na wakati huo ilikuwa kweli. Baada ya sauti kupotea nilimjibu hivyohivyo mara mbili. Kisha nikaanza kuchelewa kujibu. Kisha sikujibu.

Bibi alifariki kwenye mvua za masika. Aliyenipa habari ni mwanafunzi wangu yule, ambaye tangu amalize chuo alikuwa hajapata ajira na alikuwa amerudi kwenye kaunta ya baba yake. Mazishi sikuwahi. Nilifika Masukulu siku ya tatu, nikakuta wanawake wamekaa kwenye mikeka, sufuria za ndizi jikoni, na kwaya ya kanisa inafungasha vyombo vyake. Binti wa marehemu alinishika mikono yote miwili.

"Dada, umekuja. Ndaga fijo, asante sana. Nina habari. Kaka amepatikana. Kuna jirani mgonjwa wake alilazwa hospitali ya Igogwe, huko akaongea na dereva mmoja, huyo dereva anamfahamu. Tumeongea naye kwenye simu. Anakuja. Nimemwambia, mama hukumkuta, lakini alikuachia maneno kwa mwalimu wa chuo."

Nilipaswa kumwambia palepale. Nilisema pole, nikaweka rambirambi yangu kwenye sahani, nikaondoka.

Kaka yake alikuja chuoni siku tisa baadaye. Mlinzi wa getini alinipigia kusema kuna mzee anamtafuta mwalimu wa sauti. Hakuwa mzee, alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, ila mgodi ulikuwa umemzeesha. Mrefu, kovu kwenye nyusi, koti kubwa kuliko mabega yake. Kiswahili chake kilikuwa cha Kanda ya Ziwa kabisa. Nilimpa kiti, akakaa ukingoni.

"Nimekuja kumsikia mama," alisema.

Nikafunga mlango. Nikamwambia kwamba tulimrekodi mama yake, kwamba aliongea vizuri sana, na kwamba sauti imepotea. Aliniangalia kwa utulivu, kama mtu anayengoja sentensi iishe.

"Imepotea vipi? Mmeifuta?"

"Sisi hatukuifuta. Ilikuwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Fedha za kulipia zilikwisha, wenye hifadhi wakaifuta."

"Kwa hiyo sauti ya mama ilikuwa imepanga," alisema polepole. "Inalipiwa kodi."

"Ndiyo."

"Na hamkulipa."

"Hatukulipa."

Nikatoa kabatini zile kurasa sita nikamkabidhi, kwa sababu sikuwa na kingine. Nilimwambia haya ni maneno yake, yamefasiriwa. Alizisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza. Kwenye habari ya msimamizi aliyekanyaga mizani alitabasamu.

"Hii alikuwa anatusimulia," alisema. "Lakini mama hakuwa anajua 'udanganyifu wa vipimo'. Alikuwa anasema kwa Kinyakyusa neno moja, hata sisi watoto tukicheka."

Sikumuuliza neno hilo ni lipi. Nilihofia angelitaja na mimi nisilijue.

Akafika ukurasa wa sita. Kidole kilisimama. Akasoma kwa sauti: "Mzungumzaji anazungumza na mwanawe. Binafsi. Dakika nne. Haijaandikwa."

Akasoma tena, safari hii kimoyomoyo.

"Huyu mwanawe ni mimi."

"Ni wewe."

"Haijaandikwa kwa nini?"

"Kulikuwa na mwongozo. Mambo binafsi tulikuwa hatuyaandiki."

"Nani aliweka?"

"Mimi."

"Na hii tiki nyekundu?"

"Yangu."

Akazikunja zile karatasi mara moja, akazikunjua, akazilaza mezani. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Aliniuliza kama nilikuwepo siku hiyo, nikamwambia nilikuwepo, nilikuwa barazani na mgeni. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejaribu kuielewa ramani ya nyumba.

"Ndani alikuwa nani, basi?"

Kesho yake tulikwenda Tukuyu pamoja. Mwanafunzi wangu alikuwa anapima kitenge aliponiona mlangoni na mtu yule mrefu, na nadhani alimtambua kwa kovu, kwa sababu aliweka mkasi chini bila kukata. Baba yake aliyekuwa amekaa nyuma kwenye magodoro alimsikiliza yule bwana akijieleza, kisha akasimama.

"Nenda mwanangu. Dukani nitakaa mimi."

Masukulu tulikuta dada mtu amewasha moto. Tulikaa chumba kilekile. Mwanafunzi aliomba akae palepale alipokaa siku ile, kwenye kigoda karibu na dirisha, akasema labda itamsaidia kukumbuka. Alifumba macho. Akaanza kusema kwa Kinyakyusa, akikwama, akirudi nyuma, akijisahihisha. Nilishika nusu, kama kawaida yangu, na nusu nyingine alinieleza baadaye njiani.

Mama alimuuliza nani anamfulia nguo. Alimwambia baba yake kabla hajafa alikuwa ameacha kukasirika, alikuwa hawezi tu kulisema. Alimwambia migomba ya bondeni haijagawanywa, ameizuia, asije akadhani wamemsahau. Alimwambia kama ana mke amlete, na kama hana aje hivyohivyo. Kulikuwa na jambo kuhusu ndama, kwamba ndama yule hata hivyo alikuwa mgonjwa. Halafu kulikuwa na kitu kirefu katikati, kuhusu siku aliyoondoka, na hapo mwanafunzi alifumbua macho.

"Hapo sikumbuki, kaka. Nakumbuka alikuwa analia kidogo na mimi nilikuwa naangalia taa ya rekoda isizime."

"Jaribu," alisema yule bwana.

"Nimejaribu njia nzima. Sikumbuki."

"Hayo mengine alisema kweli, au unanihurumia?"

Binti yule alianza kulia. "Ningekuwa nakuhurumia ningekutungia hapo katikati."

Dada mtu aliingia na sahani ya ndizi, akaiweka, hakuna aliyeigusa. Yule bwana aliinama, viwiko magotini. Kisha akauliza jambo ambalo mimi nisingewahi kufikiria kuuliza.

"Aliniita nani?"

Mwanafunzi akamtajia. Lilikuwa jina la utotoni, si lile la kanisani wala la kwenye vyeti. Silitaji hapa, ni lake. Dada mtu alipolisikia alifunika uso kwa kanga, kwa maana hakuna mwingine aliyekuwa akilitumia ila mama yao, na binti wa dukani asingeweza kulijua kwa njia nyingine yoyote.

"Sema tena," alisema kaka. "Sema kama alivyosema yeye."

Akasema. Kaka alitikisa kichwa. Akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, akijaribu uzee kooni mwake, msichana wa miaka ishirini na minne. Kaka alitikisa kichwa tena, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Sivyo. Alikuwa analivuta mwanzoni."

Na akalitamka mwenyewe, alivyolitamka mama yake, akilivuta mwanzoni. Mara moja tu. Kisha alitoka nje akasimama kwenye migomba, na hatukumfuata.

Alikaa Masukulu wiki tatu. Aliipalilia ile migomba ya bondeni, akajenga uzio wa kaburi, akarudi Geita kwa sababu huko ndiko alikokuwa na watoto. Zile kurasa sita alizichukua. Ule mstari wa mwisho nilitaka kuukata kwa mkasi kabla sijampa, akanizuia. Alisema niuache, ndio unaomtaja.

Mwaka uliofuata wafadhili wengine walilikubali andiko langu. Kwenye barua yao walisifu uzoefu wetu wa awali na jamii za Rungwe. Niliisoma nikiwa nimesimama, na safari hii sikumpigia mtu simu. Nilifikiri kukataa. Mkuu wa idara aliniuliza kama nina wazimu, wanafunzi wanangoja, na wazee hawatungoji. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, basi nikasaini. Sasa mzee akimaliza kusema, sauti yake inawekwa kwenye kadi ya simu ya mtu wa nyumbani mwake kabla hatujainuka, na ndipo chai inanywewa. Mwongozo wa kuandika niliufuta wote nikaanza upya. Mwanafunzi wangu wa dukani nilimwomba aje awe mkufunzi msaidizi. Alinisikiliza, akanishukuru, akasema kwa sasa anabaki kumsaidia baba.

Msimu wa kwanza wa kozi mpya niliwapeleka wanafunzi Masukulu. Niliwaacha kwenye gari nikapanda peke yangu hadi kwa yule dada kumwomba kama ataongea nasi, yeye sasa ndiye anayejua habari za mama yake na za chai. Alinikaribisha, akanipa maziwa ya mgando kwenye kikombe, akaniuliza hali ya mama yangu. Hakuwa na kinyongo usoni, au kama alikuwa nacho alikificha kwa adabu ya kwao.

"Dada," alisema nilipomaliza kueleza, "sisi tumeshaongea."

Nilimaliza maziwa, nikashukuru. Alinisindikiza hadi mwisho wa migomba kama desturi ilivyo, tukazungumza habari za parachichi na bei yake. Kwenye gari wanafunzi waliniuliza kama nyumba ile inafuata. Nikawaambia hapana, tunakwenda Nkunga.